Mwili Ukizunguka Chungu

Neno "mipaka" limechoshwa sana katika sanaa ya mji huu. Liko kwenye mabango ya tamasha, kwenye fomu za kuomba ufadhili, kwenye video za watu wanaouza kozi za kujiamini. Vuka mipaka yako. Hakuna mipaka. Mipaka iko akilini tu. Ukiwa na miaka ishirini na kitu na unajaribu kuishi Nairobi kwa kuandika, kucheza au kuchora, utaambiwa hivyo karibu kila wiki, mara nyingi na msee ambaye hajawahi kutafuta ukumbi wa mazoezi akiwa hana hata nauli.

Mimi naona maneno hayo ni uongo, na sanaa mbili zinazoweza kutuonyesha uongo wake ni densi na ufinyanzi. Mcheza densi anajua goti lina mwisho wake, na kwamba aliyeruka lazima atatua. Mfinyanzi anajua udongo ukiongezwa kwa pupa utalala chini, ukikaushwa haraka utapasuka, ukiingia motoni na unyevu utalipuka. Hakuna maneno ya kutia moyo yatakayobadilisha hayo. Na bado ni ndani ya sanaa hizi hizi ndimo nimeona watu wakifika mahali ambapo wao wenyewe hawakuwahi kufika. Sasa wanafikaje?

Nitajaribu kujibu kwa kuwaangalia watu wanne: wanaume wawili waliopigana na ukuta wa udongo jukwaani Ufaransa, mwanamke mmoja wa Nigeria aliyekuwa akiizunguka mitungi yake, na mzaliwa wa Nairobi aliyejifunza kwake na kuendelea na safari.

Tuanze na jukwaa. Onyesho linaitwa Paso Doble. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006 katika Tamasha la Avignon, ndani ya kanisa la kale. Waliolitunga ndio walioigiza: Miquel Barceló, mchoraji kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, na Josef Nadj, mtunzi wa densi aliyezaliwa katika jamii ya Wahungari wa Vojvodina, iliyokuwa sehemu ya Yugoslavia. Wote wawili walizaliwa mwaka 1957, kwa hiyo walikuwa wanakaribia miaka hamsini, umri ambao wacheza densi wengi wameshaacha jukwaa kitambo. Onyesho lilirekodiwa pia. Mimi nililitazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na hata hivyo niliusikia uzito wake mabegani.

Jukwaa lote ni udongo mbichi: ukuta wa udongo nyuma, sakafu ya udongo chini. Mwanzoni huoni mtu. Halafu ukuta unaanza kuvimba. Kuna kitu kinausukuma kutoka upande wa pili, uvimbe unatokea hapa, mwingine pale, kama jipu linalotafuta mdomo. Kisha wanaume wawili wanaingia wakiwa wamevaa suti nyeusi na kuanza kazi. Wanachimba, wanapiga, wanachoma mashimo, wanakwangua. Usipojua ni densi utadhani ni mafundi wa mjengo waliokasirikia ukuta waliolipwa kuujenga.

Katikati ya yote hayo Barceló anachukua mitungi mikubwa ambayo bado ni mbichi na kumvisha Nadj kichwani. Anaifinya hadi inakuwa uso, anaitoboa macho, kisha anauharibu uso huo na kumvisha mtungi mwingine juu ya ule wa kwanza. Kwangu hapa ndipo onyesho linapolipa deni lake. Nadj ana miaka mingi ya mazoezi. Alisomea sanaa ya uchoraji Budapest kabla ya kwenda Paris kujifunza uigizaji usio na maneno. Lakini ukishafunikwa kichwa kwa udongo mzito, mazoezi yote hayo yanakusaidia nini? Haoni. Uzito wa mwili umehamia juu. Hatua zake zinakuwa ndogo, za kupapasa, miguu inaulizia sakafu kabla ya kukanyaga. Mtu yeyote aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani akiteremka njia yenye matope anaujua mwendo huo. Shingo inanyooka, macho hayana kazi tena, na unaanza kufikiri kwa nyayo.

Ule mwendo ni mpya kwa Nadj, na hakuupata kwa kujiambia kwamba hakuna mipaka. Aliupata kwa kuongezewa mpaka mmoja zaidi. Mtungi ulimnyang'anya alichokijua, na mwili wake ukalazimika kutafuta kingine. Barceló naye, upande wake, si mcheza densi na wala hajifanyi. Anatembea kama mtu aliye kazini. Kadiri onyesho linavyoendelea unamwona akichoka kweli, mikono inapungua kasi, pumzi inakuwa nzito, na uchovu huo unaipa kazi yake umbo ambalo asingeweza kulipanga mezani.

Kwa hiyo nalipenda onyesho hili. Lakini nina malalamiko mawili.

La kwanza ni kwamba udongo wa Paso Doble hauchomwi. Onyesho likiisha, ukuta unatengenezwa upya kwa ajili ya usiku unaofuata. Kuna uzuri wake hapo, kwa sababu densi nayo haibaki. Lakini udongo umeponyoka mtihani wake mgumu kuliko yote. Hakuna anayeuliza kama utahimili moto, kama utashika maji, kama utakaa jikoni miaka kumi bila kuvunjika. Pigo lolote linakubaliwa, hata lile la ovyo. Mfinyanzi wa kweli hana anasa hiyo. Kosa alilolifanya Jumatatu kitakoni mwa chungu litamngoja siku ya tanuri.

La pili ni zito zaidi. Barceló aliupata wapi udongo? Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akienda Mali, akaishi na kufanya kazi katika nchi ya Wadogon. Ni huko, katikati ya miaka ya 1990, upepo na vumbi vilipomzuia kupaka rangi, ndipo alipogeukia ufinyanzi. Hadithi nzuri, na inathibitisha ninachosema: kizuizi kilimfungulia njia. Ila miongoni mwa Wadogon ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Wao walikuwa wakikabiliana na upepo ule ule na udongo ule ule tangu zamani, na hakuna tamasha lililowaita majasiri. Mchoraji maarufu akitia mikono kwenye udongo, tunasema amevuka mpaka. Mwanamke wa kijijini akifanya hivyo maisha yake yote, tunasema ni kazi ya mikono. Kwani nani aliamua kwamba kuvuka kunahesabiwa ukiwa umetoka nje tu?

Ndiyo maana nataka tumwangalie Ladi Kwali.

Alizaliwa mnamo miaka ya 1920 katika kijiji cha Kwali, katikati ya Nigeria, miongoni mwa Wagbari, na alijifunza ufinyanzi akiwa mtoto kutoka kwa shangazi yake. Tazama filamu za zamani zinazomwonyesha akiwa kazini. Mtungi umekaa mahali pamoja, hauzunguki. Anayezunguka ni yeye. Ameinama kiunoni, mkono mmoja ndani ya mtungi, mwingine nje, na anatembea kuuzunguka, mara nyingi kinyumenyume, akipandisha ukuta wa udongo kwa kamba moja juu ya nyingine na kuukwangua uwe mwembamba. Gurudumu la mfinyanzi ni mwili wake mwenyewe.

Sitaki kusema kwamba alikuwa akicheza ngoma. Alikuwa kazini, na kuiita kazi ya mtu densi ili ipendeze kwenye makala ni dharau. Lakini mtu anayejua densi hawezi kukosa kuona yaliyomo: hatua zinazorudiwa kwa kipimo, uzito unaohama kutoka mguu mmoja hadi mwingine, mgongo ulioinama bila kulegea, duara linalofungwa bila kutazama nyuma. Akiharakisha, ukuta unayumba. Akichelewa, udongo unakauka kabla haujaungana. Wazee wetu walishasema: udongo uwahi ungali maji. Mwendo wa Ladi Kwali ni methali hiyo ikitembea kwa miguu miwili.

Mwaka 1954 alijiunga na kituo cha mafunzo ya ufinyanzi ambacho Mwingereza Michael Cardew alikuwa amekianzisha huko Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupokewa pale. Alikuta gurudumu, glezi na tanuri la moto mkali, akajifunza vyote, lakini mitungi yake mikubwa aliendelea kuijenga kwa mikono na kwa miguu, akiichora mijusi, nyoka na nge kama walivyofanya kwao.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa "vuka mipaka" hawapendi kulisema: kuvuka kuna gharama. Mtungi wa maji uliochomwa kwa moto mdogo una vinyweleo. Maji yanapenya kidogo kidogo hadi nje, yanakauka kwa hewa, na yale yaliyobaki ndani yanapoa. Ni friji isiyo na stima. Mtungi huo huo ukipakwa glezi na kuchomwa kwa moto mkali, vinyweleo vinaziba. Unang'aa, unadumu, unapelekwa kwenye makumbusho. Lakini haupozi maji tena. Ladi Kwali alifika mahali ambapo hakuna mfinyanzi wa kijijini kwake aliyefika, na chombo chake kikaacha kazi yake ya nyumbani njiani. Sisemi alikosea. Nasema kazi yake inatuonyesha bei, na msanii akionyeshwa bei anaweza kuamua mwenyewe.

Mwaka 1972 alizunguka Marekani pamoja na Cardew, akionyesha mbele ya watazamaji jinsi anavyojenga mtungi. Piga hesabu: miaka 34 kabla ya suti nyeusi za Avignon, mwanamke wa Kiafrika alikuwa mbele ya hadhira akiuzunguka udongo kwa mwili wake wote. Wanahistoria wa ufinyanzi wanalijua hilo vizuri. Ni nadra kulisikia upande wa densi. Alifariki mwaka 1984, na leo picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Nchi ngapi zimemweka mfinyanzi kwenye pesa zao?

Sasa turudi nyumbani, au karibu na nyumbani. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, na mwaka 1971 alienda Uingereza kusomea usanifu wa michoro. Hakwenda kuwa mfinyanzi. Udongo alikutana nao huko ugenini, na mnamo 1974 akarudi barani, katika kituo kile kile cha Abuja, akakaa na kina Ladi Kwali na kujifunza kujenga chombo bila gurudumu. Hebu fikiria safari hiyo: Mkenya apitie Cambridge ndipo afike Nigeria, ajifunze kitu ambacho wanawake wa Nyanza na Ukambani walikuwa wakikifanya kwa namna yao kila msimu wa kiangazi. Alisoma pia Farnham, kisha Royal College of Art huko London, akamaliza mwaka 1982.

Vyombo vyake havina glezi. Anavijenga kwa mkono, anavikwangua, anavipaka udongo laini uliochujwa na kuvisugua hadi vinang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Vikichomwa tanurini kwenye hewa ya kutosha vinatoka na rangi ya machungwa iliyoiva. Vikichomwa tena vikiwa vimefunikwa na vipande vya mbao, moto ukinyimwa hewa, vinageuka vyeusi. Udongo ni ule ule, moto ni ule ule. Hewa ndiyo inaamua.

Kiswahili kinatusaidia kuviona kuliko Kiingereza, kwa sababu sisi tayari tunakiita chombo mwili: kitako, tumbo, shingo, mdomo. Vyombo vya Odundo vinayachukua maneno hayo kwa uzito. Tumbo ni kubwa, kitako ni kidogo kuliko unavyotarajia, kiasi kwamba chombo kinaonekana kimesimama kwa ncha za vidole. Shingo inainama upande mmoja kama ya mtu anayesikiliza ngoma ya mbali. Ukitazama vizuri, vingi havina pande mbili zinazolingana. Gurudumu hutoa duara kamili kwa sababu gurudumu halichoki. Mwili unaotembea hutoa duara linalokumbuka miguu. Ile shingo iliyoinama imekaa mahali ambapo kama ingeenda kidogo tu zaidi, chombo kingeanguka. Mcheza densi aliyesimama kwa mguu mmoja anaijua sehemu hiyo. Hajaishinda nguvu inayomvuta chini. Ameijua vizuri hadi anaweza kukaa ukingoni mwake.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali la mwanzo. Hawa watu hawakufika mbali kwa kuudharau mpaka. Waliuzunguka, tena na tena, hadi wakaujua kila upande, na kuzunguka huko ndiko kukawa kazi yenyewe.

Najua kuna msomaji atakayesema: "Sasa unatuambia tukubali shida zetu? Tuzizunguke tukishukuru?" Hapana. Na hapa ndipo nataka tuwe makini, kwa sababu neno moja "mipaka" linabeba vitu viwili ambavyo havifanani. Kuna mipaka ya maumbile: goti, pumzi, uzito, udongo, moto. Hiyo inafundisha. Haina chuki na mtu, inamtendea tajiri na maskini sawa, na ukikaa nayo miaka inakupa kitu. Halafu kuna mipaka iliyowekwa na watu: karo, viza, geti lenye askari, ada ya ukumbi, kamati inayouliza uliwahi kuonyesha kazi wapi kabla haijakuruhusu kuonyesha kazi popote. Hiyo haifundishi chochote. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na sikupata hekima yoyote kutoka kwa karo. Nilipata barua tu.

Kosa la maneno ya kutia moyo ni kuichanganya mipaka hii miwili kwenye sufuria moja. Linamwambia mcheza densi apuuze goti linalouma, kisha linamwambia aliyefungiwa geti kwamba tatizo ni mawazo yake. Kote kuwili linaumiza. Goti linapaswa kusikilizwa, na geti linapaswa kufunguliwa.

Ukivitenganisha, unaanza kusoma kazi hizi kwa jicho lingine. Barceló na Nadj walijitwika mipaka ya maumbile kwa hiari, wakiwa na tamasha kubwa nyuma yao linalogharamia tani za udongo. Ndiyo maana waliweza kucheza nayo. Ladi Kwali alikutana na mipaka ya aina zote mbili, na kituo alichoingia mwanamke wa kwanza kilimpunguzia ule wa pili ili abaki na wa kwanza. Odundo alilazimika kuondoka. Tuna methali isemayo mcheza kwao hutuzwa, na yake ilikwenda kinyume. Mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame, mwaka 2022 vyombo vyake vilikuwa kwenye maonyesho makuu ya Venice, na mnadani vinauzwa kwa mamia ya maelfu ya pauni. Viko British Museum, London, na Metropolitan Museum, New York. Mimi nimeviona kwenye picha tu. Picha inakunyima jambo moja, na ndilo lenye maana kuliko yote: huwezi kukizunguka chombo. Kitu kilichotengenezwa kwa kuzungukwa, na mzaliwa wa mji huu, kijana wa mji huu anakitazama upande mmoja kwenye kioo cha simu. Mpaka huo haukuwekwa na udongo.

Na wale ambao hawakuondoka? Ukipita kwenye barabara za Nyanza utaona vyungu vimepangwa pembeni, vinauzwa kwa bei ambayo ukishatoa kuni na usafiri, hakibaki kitu. Mfinyanzi hulia gaeni, tunasema, na tunasema kama mzaha. Kwangu hiyo ni ripoti ya uchumi. Aliyefinyanga chungu kizima anakula kwenye kigae kwa sababu vizima vyote vimeenda sokoni. Tukimwambia mama huyo avuke mipaka yake tutakuwa tunamtania. Mwili wake ulishavuka yote inayovukika. Iliyobaki ni yetu: nani ananunua, kwa bei gani, na nani anaandika jina lake.

Kwa hiyo, kwa wasanii wenzangu, wacheza densi hasa, ushauri wangu si wa kutia moyo. Itafuteni Paso Doble na muitazame hadi sehemu ya mitungi, muone mcheza densi mzoefu akinyang'anywa ujuzi wake. Kisha tafuteni filamu za Ladi Kwali. Macho yatataka kufuata mikono, kwa sababu ndiyo tumefundishwa kwamba hapo ndipo ufundi ulipo. Yaondoeni hapo. Tazameni miguu: inavyorudi nyuma, inavyopima, inavyorudi pale pale ilipoanza huku mtungi umepanda kidole kimoja juu.